Maji Yakifika Gotini, Geuka: Mwongozo wa Kutibu Kiwewe kwa Falsafa ya Yoga na Uzingativu

Mtu akiweweseka usiku, kwetu Mikindani huamshwa taratibu, akapewa maji ya kunywa, na asubuhi hakuna anayemuuliza alikuwa akipigana na nani. Kiwewe na kuweweseka ni maneno ya ukoo mmoja, na ukoo wenyewe unajieleza: jambo lilikwisha zamani, mwili haujapata habari kuwa limekwisha.

Mimi kuufikishia mwili wangu habari hiyo kulinichukua miaka minne. Basi nililopanda kutoka Dar es Salaam lilipinduka jioni, kati ya Somanga na Nangurukuru. Nilitoka na mkono uliovunjika na kovu dogo kwenye paji. Mkono uliunga. Harufu ya dizeli ndiyo iliyokataa kuondoka. Nikiinusa, hata kwenye kituo cha mafuta mchana kweupe, vidole vinaganda na masikio yanaziba.

Rafiki akanipeleka kwenye darasa la yoga huko Dar. Mwisho wa kipindi tukaambiwa tulale chali, tufumbe macho, tusitikisike. Mkao huo unaitwa shavasana, yaani mkao wa maiti. Mimi nilikuwa nimewahi kulala hivyo kando ya barabara, na waliolala karibu yangu hawakuwa wakifanya mazoezi. Nikaanza kutetemeka. Mwalimu akainama, akaniwekea mkono begani, akasema, "Vumilia, dada, itapita." Haikupita. Nilitoka mbio, viatu nikaviacha.

Sikuiacha yoga. Niliacha kuvumilia. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyajaribu mwilini mwangu na baadaye kwa akina mama wachache tunaokaa mkekani chini ya mwembe mara mbili kwa wiki.

Nani aanzie hospitali

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya daktari. Ukiwa unawaza kujiua, unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, hulali kabisa siku kadhaa mfululizo, au pombe na dawa za kulevya ndiyo kitanda chako, nenda kwanza zahanati au kituo cha afya uombe rufaa. Mtwara hospitali ya rufaa ya mkoa ni Ligula. Lindi ni Sokoine. Ukifika ulizia huduma za afya ya akili, na usione haya kulitamka neno hilo dirishani.

Na kama anayekupiga bado unalala naye nyumba moja, mwili wako hauna kiwewe cha jana. Una hofu ya leo, na hofu hiyo ni ya haki. Hapo pa kuanzia ni dawati la jinsia la polisi, au kwa mtoto, simu namba 116. Mkeka utasubiri.

Yoga gani hii, na dini je?

Swali la dini ndilo la kwanza kuulizwa huku kwetu, basi tulimalize. Yoga ilizaliwa Bara Hindi, na imelelewa na Wahindu, Wabudha na Wajaini. Asiyelitaja hilo anakuficha. Ninachokifundisha mimi hakina sanamu, hakina nyimbo za ibada wala maneno ya kukariri. Ni mwili, pumzi, na kuiangalia akili inavyokwenda. Mimi ni Mwislamu, na jambo hili nililijua madrasa kabla sijasikia jina la yoga: tulifundishwa kwamba mwili usisimame kwenye swala huku moyo uko sokoni. Ukiwa na shaka, muulize shehe au padri wako kabla ya kuanza, kwa sababu mwenye shaka hawezi kutulia.

Watu wengi wakisikia yoga wanaona mtu aliyejikunja kama kamba. Patanjali, mwanafalsafa wa kale wa Bara Hindi mwenye zile kauli fupi 196 ziitwazo Yoga Sutra, aliizungumzia mikao katika kauli tatu tu. Njia yake ina viungo vinane: makatazo, maadili ya nafsi, mkao, pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kuelekeza akili mahali pamoja, kuzama, na umoja. Mkao ni cha tatu. Katazo la kwanza kabisa ni ahimsa, kutodhuru, na wewe mwenyewe umo kati ya wasiodhuriwa. Mwalimu wangu wa Dar alianzia kiungo cha tatu akakiruka cha kwanza. Na hata kuhusu mkao, sifa alizozitaja Patanjali ni mbili: uwe imara, uwe na raha. Mkao usio na raha haujafika.

Kuna neno jingine la falsafa hiyo lililonisaidia kuliko mikao yote, nalo ni samskara, alama inayobaki ndani ya mtu kila jambo linapompitia. Nendeni kwenye shamba lolote la mikorosho Newala au Tandahimba mtaiona: kijia cha miguu. Hakuna aliyekilima. Kimepitwa na watu mpaka majani yakakata tamaa. Tukio kubwa la kutisha hupitisha kijia kwa siku moja, kama lori. Kisha kila harufu, kila kishindo, kinafuata kijia hichohicho. Wataalamu wa ubongo nao wana maelezo yao: kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, jina la Kigiriki lenye maana ya lozi (watu wa kusini tungeiita korosho), ambayo hupiga kengele ya hatari kabla akili haijauliza swali. Mtu wa Kilwa aliyepatwa na mafuriko ya Januari 2020 anaweza kushtuka mvua ikigonga bati leo. Aliyekuwa Mtwara mjini Mei 2013, wakati wa vurugu za gesi, anaweza kuruka tairi likipasuka. Hawa si waoga. Kijia kiko wazi.

Kijia hakifutwi kwa kukigombeza. Unapitisha kingine pembeni, unakitembea kila siku, na majani yanaota upande wa pili polepole.

Hatua ya kwanza: kupima maji

Wiki ya kwanza usifanye zoezi lolote. Jifunze kupima tu.

Kipimo hiki nimekipata kwa bibi jirani yangu ambaye ameanza kuchokoa pweza kabla sijazaliwa. Siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa mbali kabla ya kurudi, nilimkuta anarudi na pweza wawili, kijiti cha kuchokolea begani, na nyuma yake wa tatu anaonekana kabisa kwenye tundu la mwamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, yule mbona umemwacha?"

Akagusa goti. "Maji yamefika hapa. Yakifika hapa mimi nageuka. Wanaongoja yafike kiunoni ndio tunaowazika."

"Na pweza?"

"Pweza ana nyumba. Bamvua lijalo nitamkuta."

Basi mara tatu kwa siku, baada ya chai, mchana na kabla ya kulala, jiulize: maji yangu yako wapi? Kifundoni: nimetulia, nasikia ninachoambiwa. Gotini: moyo unaenda kasi kidogo, taya limekaza, lakini bado najua niko wapi. Kiunoni: pumzi fupi, jasho la viganja, picha za tukio zinaanza. Shingoni: sipo tena hapa, nipo kule.

Kuna hali ya tano ambayo wengi hawaihesabu. Maji yamekupwa mno, ufuko mkavu: huna hofu, huna furaha, mikono kama ya mtu mwingine, mtoto analia unamwangalia tu. Jirani husifu, "Jamani, huyu mtulivu!" Huo si utulivu. Ni ganzi, nayo inahitaji kuamshwa: simama, tembea, nawa uso kwa maji baridi, piga makofi, imba.

Andika kwenye daftari neno moja tu kila mara. Usiandike kisa. Kujisoma huku ndiko Patanjali alikokuita svadhyaya, na wiki moja inatosha kukuonyesha maji yako hujaa saa ngapi.

Kuanzia hapo kanuni ni moja katika hatua zote: fanya zoezi ukiwa kati ya kifundo na goti. Yakivuka goti, geuka. Yakifika kiunoni, zoezi limekwisha kwa leo, na hujashindwa chochote.

Hatua ya pili: mahali

Mkeka wa ukili unatosha. Kaa mgongo ukiwa ukutani, mlango uuone. Dakika 10, saa ileile kila siku. Mimi huchagua baada ya alfajiri kabla bodaboda hazijaanza. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani asikushtue. Simu izime.

Hatua ya tatu: kutia nanga

Vitabu vingi huanza na kufumba macho na kuisikiliza pumzi. Kwa mwenye kiwewe hiyo ni kumfungia chumbani na anayemwogopa. Macho yawe wazi. Nanga yako iwe nje ya mwili kwanza.

Mimi nafundisha kwa ungo. Mimina vikombe viwili vya mchele, kaa kwenye mbuzi ya nazi au kigoda, nyayo zote mbili zikanyage chini. Pembua. Tazama punje moja moja: hii ndefu, hii imekatika, hii chuya bado ina koti lake, hiki kijiwe cheusi. Sikia mlio mchele unapopetwa na kurudi, kama wimbi dogo kwenye changarawe. Vumbi lake jeupe linabaki kwenye vidole. Lione kwenye mistari ya kiganja. Akili itaondoka. Itakwenda barabarani, itakwenda kwenye deni la mbolea, itakwenda kwa marehemu. Siku moja utagundua, "Kumbe nimeondoka." Zoezi ndilo hilo, kule kugundua. Irudishe kwenye punje kama unavyomrudisha mtoto mdogo mkekani, bila kumchapa. Ikiondoka mara hamsini, umeirudisha mara hamsini.

Kusuka ukili kunafaa vilevile. Kubangua korosho sikushauri, mafuta ya ganda yanaunguza na kazi yenyewe inadai haraka.

Hii ndiyo inayoitwa uzingativu: kujua linalotokea sasa, linapotokea, bila kulihukumu. Mtaalamu mmoja, Jon Kabat-Zinn, aliiingiza hospitalini huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa kozi ambayo baadaye ilizoeleka kuwa ya wiki nane. Wiki nane ni kipimo kizuri cha kutarajia mabadiliko ya kwanza. Anayekuahidi siku tatu anauza kitu.

Ikiwa huna ungo, uko kwenye daladala na maji yanapanda: taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia. Kandamiza visigino sakafuni. Sema jina lako, siku, na mahali: "Leo Jumanne, niko Chikongola, gari limesimama."

Hatua ya nne: pumzi

Ianze wiki ya tatu, si kabla. Vuta kwa pua ukihesabu hadi tatu, toa kwa mdomo uliosinyaa ukihesabu hadi tano, kama unapoza uji wa moto bila kuurusha. Mara sita, kisha acha. Usiizuie pumzi katikati. Pumzi ya kutoka ikirefuka, mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ushukao kutoka kwenye ubongo kupita shingoni hadi moyoni na tumboni, huupunguzia moyo mwendo. Huhitaji kuliamini hilo. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono usikie.

Wapo ambao pumzi yenyewe ndiyo inayowatisha, hasa walionusurika kuzama au waliowahi kukabwa. Hao waimbe. Funga midomo uvume, "mmmm," kama nyuki. Yoga inaliita zoezi hilo bhramari, kwa jina la nyuki mweusi, na mama yeyote aliyebembeleza mtoto amelifanya bila kujua. Pumzi za kasi za kupiga tumbo, zinazosifiwa sana kwenye video, achana nazo. Zinapandisha maji.

Hatua ya tano: mikao, na kuchagua

Ukisikia mwalimu anasema "lazima," ondoka. Mtu aliyepatwa na kiwewe ni mtu ambaye kwa muda fulani mwili wake uliamuliwa na kingine: na maji, na chuma, na mikono ya mtu. Dawa ni kuurudishia mwili haki ya kuamua hata mambo madogo, kuinua mkono huu au ule, kuendelea au kuacha. Mwalimu wa yoga David Emerson na wenzake huko Massachusetts waliijenga yoga ya watu wenye kiwewe juu ya msingi huo. Mwaka 2014 daktari wa afya ya akili Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewasaidia vya kutosha. Baada ya wiki 10 za yoga, saa moja kila wiki, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe; katika kundi lililopewa masomo ya afya walikuwa 6 kati ya 29. Si muujiza, karibu nusu walibaki nazo. Ila si kidogo.

Mikao yangu ni minne.

Mlima: simama, nyayo ziachane kwa upana wa nyonga, hamisha uzito kisigino, vidole, kushoto, kulia. Simama pale miguu inapopapenda.

Kusukuma ukuta: weka viganja ukutani usawa wa kifua, mguu mmoja nyuma, sukuma kwa nguvu uitakayo, toa sauti ukipenda. Huu ndio ulionifungua. Kwenye basi kiti kilinibana mkono na sikuweza kukisukuma. Wiki ya tano ya mazoezi nilikuwa nasukuma ukuta wa jiko, ghafla mkono wa kulia ukaanza kutetemeka wenyewe kutoka begani, nikauacha utetemeke kama kuku aliyetoka majini, labda dakika mbili. Maji hayakuvuka goti. Kisha nikapiga miayo. Usiku ule nililala hadi adhana.

Paka: piga magoti, viganja chini, pandisha mgongo ukitoa pumzi, ushushe ukivuta. Taratibu.

Wa mwisho unafanana na kusujudu: kalia visigino, inamia mbele. Kichwa kiweke juu ya ngumi mbili au mto, kwa sababu wengine kichwa kikiwa chini maji yanapanda. Mwenye mimba au shinikizo la damu amuulize muuguzi kwanza.

Maliza ukiwa umeegemea ukuta, au umelala ubavu na kanga juu. Mkao wa maiti si lazima maishani. Na kama mko kundi, hakuna kumgusa mwenzio, hata kwa wema.

Hatua ya sita: kujaa na kupwa

Usiifikie kabla ya wiki ya nane, na ukiweza uifanye ukiwa na mtaalamu au mtu unayemwamini kando yako. Tafuta mahali mwilini palipo sawa, hata kama ni ncha ya sikio. Kaa hapo kidogo. Kisha gusa kwa akili mahali penye mkazo, sekunde tano hivi, ukingoni tu. Rudi kwenye sikio. Nenda, rudi, mara tatu, basi. Hukumbuki kisa, husimulii. Unaufundisha mwili kwamba yanayojaa hupwa.

Patanjali anataja mambo mawili yanayotuliza akili: kurudia zoezi, na kuachia. Mimi kurudia nilikuweza haraka. Kuachia bado najifunza. Siku ambayo zoezi halikwenda nilikuwa nikijigombeza hadi jioni, na kujigombeza ni kuvunja ahimsa kama kugombeza mtu mwingine.

Saa tisa usiku

Ukiamka unaweweseka, usilazimishe usingizi. Washa taa au tochi ya simu. Nyayo kwenye sakafu ya saruji, usikie baridi yake. Sema jina lako, siku, na nyumba ya nani hii. Maji machache ya kunywa, mengine usoni. Vuma kama nyuki mara sita. Ndoto usiichambue usiku. Asubuhi, ukitaka, andika neno moja daftarini.

Kwa wanaoishi naye

Msimwambie "vumilia," wala "shukuru Mungu umepona, wenzio wamekufa." Anajua, na ndiyo sehemu ya mzigo. Msimlazimishe asimulie. Kauli ya kweli nayo imo kwenye makatazo ya yoga, lakini imewekwa baada ya kutodhuru, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuchagua ukweli wake, siku yake na msikilizaji wake. Akishtuka usingizini mwiteni kwa jina kutoka mbali kabla ya kumgusa. Na wanaosema ana majini, kama mnataka kumsomea dua msomeeni, ila asifungwe, asifukizwe moshi hadi akakohoa, asipigwe. Dua na dawati la daktari havigombani.

Barabara

Watu huniuliza kama siku hizi napanda basi. Napanda. Nilianza na daladala ya Mikindani hadi Mtwara mjini, kiti cha karibu na mlango, nikipima maji kila kituo. Mwezi uliofuata nikapanda basi la Dar nikashuka Mingoyo, nikanunua korosho za kukaanga, nikarudi nyumbani kwa Noah. Kondakta alinicheka: nauli yote ile kwa safari fupi hivyo! Mara ya pili nilifika Nangurukuru. Maji yalikuwa gotini, nikaona pweza kwenye tundu, nikageuka. Nililala kwa shangazi Kilwa Masoko, asubuhi nikarudi.

Mara ya tatu nilikaa dirishani. Tulipopita pale sikupatambua mpaka tulipokuwa tumeshapita, kwa sababu nyasi zilikuwa ndefu na mtoto wa kiti cha mbele alikuwa akinionyesha jino lake lililong'oka.